Zimamoto wasipomwamini mkubwa wao: imani inavyovunjika katika kikosi kisichopiga kura

Askari wa zimamoto huonyesha imani yake kwa mkubwa kwa miguu yake. Anaingia ndani ya ghala lililojaa moshi kwa sababu aliye nje mwenye redio amemwambia aingie, naye anaamini kwamba mtu huyo amelitazama paa, amepiga hesabu ya maji yaliyobaki garini, anajua ni nani na nani wako ndani, na atawatoa kabla mambo hayajaharibika. Mlangoni hapana muda wa kuulizana maswali. Imani ya namna hiyo ikiondoka, kazi yote hubadilika hata kama magari, sare na mishahara vimebaki kama vilivyokuwa jana: anayeamriwa kuingia hujivuta, anayepaswa kutoa taarifa ya hatari hunyamaza, na kila mmoja huanza kujilinda mwenyewe kwanza.

Mara kwa mara husikika kutoka Marekani na Uingereza kwamba askari wa zimamoto wa mji fulani wamepiga kura ya kutokuwa na imani na mkuu wao. Kwa msomaji wa Kampala, Arua au Mbarara habari hiyo ina ugeni fulani, kwa kuwa nchini Uganda jambo hilo haliwezi kutokea kwa sura hiyo. Hata hivyo, kutokuwapo kwa kura hakuthibitishi kwamba imani ipo. Makala haya yanajaribu kufungua fundo hilo: imani hiyo ni ya nini hasa, ni uongozi upi unaopewa au kunyimwa, huvunjika kwa njia gani, na hujulikanaje pale ambapo sheria haimruhusu askari kuisema hadharani. Niseme mapema msimamo wangu: uhaba wa vifaa, ambao ndio hutajwa kwanza katika kila mjadala, mara nyingi hauivunji imani wenyewe. Kinachoivunja ni mkubwa anayeuficha uhaba huo mbele ya umma, kisha akawaacha walio chini yake wapokee mawe na matusi kwa niaba yake.

Uongozi upi unaozungumziwa

Nchini Uganda zimamoto si idara ya mji wala si jeshi linalojitegemea. Ni kurugenzi ndani ya Polisi ya Uganda, Kurugenzi ya Kuzuia Moto na Uokoaji, na kituo chake cha Kampala karibu na mnara wa saa kinajulikana na wengi. Anayeshika mpira wa maji ni polisi kamili: ana cheo cha polisi kuanzia konstebo kwenda juu, humwita aliyemzidi afande, na hufungwa na Sheria ya Polisi pamoja na kanuni zake za nidhamu. Katiba ya 1995, katika ibara ya 211, inaunda jeshi moja la polisi kwa nchi nzima, na ibara ya 213 inaweka juu yake Inspekta Jenerali anayeteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge. Mkurugenzi wa zimamoto yuko chini ya huyo, bega kwa bega na wakurugenzi wa upelelezi, trafiki na wengineo, na anashindana nao kwa fungu lilelile la bajeti.

Majirani wamechagua njia nyingine. Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, imeikabidhi kazi ya kuzima moto kwa serikali za kaunti, hivyo askari wa Nairobi asiyeridhika anamjua wa kumlaumu, naye ni gavana wake. Tanzania, kwa sheria ya 2007, ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lenye Kamishna Jenerali wake mwenyewe chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Nchini Uganda mlolongo ni mrefu zaidi, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, maana askari anaposema kwamba hauamini uongozi anaweza kuwa anamaanisha mtu au chombo chochote kati ya saba.

Anaweza kumaanisha anayeongoza kazi mahali pa moto, yule aliyetoa amri ya kuingia au ya kurudi nyuma. Anaweza kumaanisha kamanda wa kituo chake, au kamanda wa polisi wa wilaya, ambaye amri yake inagusa kila polisi wa eneo hilo ingawa yeye mwenyewe huenda hajawahi kuvaa mtungi wa hewa mgongoni. Anaweza kumaanisha mkurugenzi, au Inspekta Jenerali, au wizara, au hata Kamati ya Bunge ya Ulinzi na Mambo ya Ndani inayopitia bajeti ya polisi kila mwaka. Kila mmoja wa hao anashikilia kitu tofauti. Fedha ya gari jipya huamuliwa mbali kabisa na moto. Amri ya kupanda ngazi huamuliwa hatua chache kutoka kwenye moto. Askari anaweza kumwamini kwa moyo wote sajini wake na asiamini hata neno moja la makao makuu, na hali hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyo ya kawaida zaidi katika vikosi vya namna hii popote duniani.

Tofauti hiyo ina matokeo. Anayepoteza imani na kiongozi wa mahali pa moto analalamikia ujuzi: huyu bwana hajui kusoma moshi. Anayepoteza imani na kamanda wa kituo analalamikia haki: zamu, likizo, posho, nani anapelekwa mafunzoni na nani anaachwa. Anayepoteza imani na mkurugenzi, kwa kawaida, analalamikia ukweli: je, huyu anatusemea huko juu, au anawaambia wakubwa wanachopenda kusikia? Malalamiko hayo matatu yakichanganywa katika kapu moja, huja tiba isiyolingana na ugonjwa, kama vile kumhamisha mkurugenzi kwa sababu ya tatizo ambalo ni la hazina, au kununua gari jipya kwa sababu ya tatizo ambalo ni la upendeleo kituoni.

Hesabu ya maji

Hakuna mahali ambapo mkanganyiko huo unaonekana wazi kuliko katika lawama iliyozoeleka mno mijini kwetu, kwamba gari la zimamoto limefika bila maji. Tuipige hesabu. Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Mpira mmoja wa kawaida unaoshikwa na askari wawili hutoa takriban lita 400 hadi 500 kwa dakika. Ukifungua mipira miwili kwa pamoja, tangi hilo linakauka ndani ya dakika tano au sita. Baada ya hapo gari linategemea mambo ambayo dereva wake hana mamlaka nayo: bomba la barabarani lililo karibu, lenye msukumo wa kutosha, ambalo halijafunikwa na lami, kibanda au ukuta wa mtu, au gari la pili la kuleta maji, au njia ya kupita katikati ya foleni ya magari na bodaboda ili likajaze na kurudi. Gari lililofika likiwa limejaa, baada ya dakika sita linaonekana mbele ya umati kama gari lililokuja tupu.

Sasa fikiria kinachofuata asubuhi yake. Msemaji anasimama mbele ya kamera. Ana maneno ya aina mbili ya kuchagua. Anaweza kusema kwamba gari lilikuwa moja, maji yaliisha katika dakika za mwanzo, mabomba ya mtaa huo hayakutoa maji, na askari waliendelea kufanya walichoweza. Au anaweza kusema kwamba kikosi kilifika kwa wakati, kilikuwa na uwezo wote, na moto ulidhibitiwa. Maneno ya pili yanampendeza mkubwa aliye juu yake. Lakini konstebo aliyekuwa pale, aliyezomewa na wenye maduka huku mpira ukidondosha matone, anayasikia pia. Anachojifunza ni kwamba makao makuu yakilazimika kuchagua kati yake na sura ya ofisi, yatachagua sura ya ofisi. Hapo imani imekwisha, na hakuna aliyepaza sauti.

Askari wa zimamoto hawashangazwi na uhaba. Wanaufahamu kuliko mtu yeyote, kwa sababu wao ndio wanaobandika viraka kwenye mipira iliyotoboka na kupokezana barakoa za hewa. Wanachotaka kujua ni kama uhaba huo umeandikwa mahali, umepelekwa juu kwa maneno yasiyopakwa rangi, na umezingatiwa wakati wa kutoa amri. Mtungi wa hewa unaotajwa kuwa wa dakika 30 humtosha mtu anayefanya kazi nzito kwa muda mfupi zaidi ya huo, kwa kuwa anapumua kwa kasi. Kamanda anayelijua hilo na kupanga zamu za kuingia kwa kulizingatia anaweza kuaminiwa hata akiwa na mitungi minne tu.

Sare inayobeba sifa ya wengine

Kuna mzigo ambao askari wa zimamoto wa Uganda anaubeba na ambao mwenzake wa Nairobi au Dodoma haubebi kwa kiasi hicho. Kwa kuwa ni polisi, anarithi uhusiano wote uliopo kati ya polisi na wananchi, mwema na mbaya. Makaburi ya Kasubi, maziko ya Makabaka, yaani wafalme, wa Buganda na eneo la urithi wa dunia tangu 2001, yaliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010, miezi michache tu baada ya ghasia za Septemba 2009 zilizotokana na mvutano kati ya Mengo, makao ya ufalme wa Buganda, na serikali kuu. Siku iliyofuata, Rais alipokwenda kuona, askari wa usalama walifyatua risasi katika umati uliokasirika na watu watatu wakafa. Katika hali ya namna hiyo aliyefika na gari la maji hatofautishwi na aliyefika na bunduki. Uamuzi ambao umelichafua jina la polisi huenda ulifanywa na mtu asiyehusika hata kidogo na uzimaji moto, lakini mawe hayachagui kurugenzi.

Kwa hiyo sehemu ya imani ambayo askari wa zimamoto humpa mkubwa wake inahusu swali hili: je, mkubwa huyu anaweza kuitetea kazi yetu kama kazi ya kuokoa maisha, isimezwe na kazi nyingine za polisi? Mwajiriwa mpya hupitia mafunzo ya jumla ya polisi, kama yale ya Kabalye huko Masindi, ndipo baadaye apelekwe kwenye utaalamu. Katika jeshi moja, aliyefundishwa kukata vyuma vya gari lililopata ajali anaweza kuhamishiwa kazi nyingine siku yoyote, na asiyefundishwa akaletwa mahali pake. Kwa ofisi ya utumishi huo ni uhamisho wa kawaida. Kwa waliobaki kituoni ni mwenzao mmoja pungufu wanayemjua jinsi anavyofanya kazi gizani.

Uzito wa kujuana huko ulionekana huko Montana, Marekani, tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde la Mann Gulch. Kikosi cha wazima moto wa msituni waliorushwa kwa miavuli kilijikuta kinakimbizwa na moto wa nyasi uliokuwa ukipanda mlima kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kukimbia. Kiongozi wao, Wagner Dodge, alifanya jambo ambalo hawakuwa wamefundishwa: aliwasha moto mdogo mbele yake, nyasi zikaungua, akalala kifudifudi kwenye majivu na kuwaita wenzake waje walale naye. Hakuna aliyekwenda. Watu 13 walikufa. Dodge alinusurika kwenye majivu yake, na wawili wengine walinusurika kwa kufika kwenye miamba ya juu. Dodge alikuwa sahihi, na hakuchukiwa na watu wake. Shida ilikuwa kwamba hakuwa amefanya mazoezi ya kutosha na kikosi kile, nao hawakuwa na sababu yoyote ya kuamini, ndani ya sekunde chache, kwamba mtu anayewasha moto mbele ya moto hajarukwa na akili. Wasomi wa mambo ya uongozi wanairudia habari hiyo hadi leo, na mimi naiona kuwa jibu kwa kila afisa anayedhani kwamba utii wa kijeshi unatosha. Mguu wa mtu anayeogopa kufa hauamriwi na cheo.

Mkaguzi asiyeungwa mkono

Kurugenzi ina neno kuzuia katika jina lake, na upande huo wa kazi huvunja imani kimyakimya kuliko moto wenyewe. Aprili 2008 bweni la wasichana la Shule ya Msingi ya Budo liliteketea na kuua watoto wapatao 20. Novemba 2018 wanafunzi 11 walikufa katika bweni la shule ya sekondari huko Mannya, kusini mwa nchi. Tarehe 25 Oktoba 2022 watu 11 walikufa katika shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono. Baada ya kila msiba wa aina hiyo hutolewa maagizo: madirisha yasiwe na nondo zisizofunguka, milango iwe miwili na ifunguke kwa nje, vitanda vipungue, na shule zikaguliwe.

Anayekwenda kukagua ni askari wa cheo cha chini au cha kati. Anaandika kwamba bweni halifai kulala watoto, au kwamba soko la ghorofa katikati ya mji limeziba ngazi zake za dharura kwa bidhaa. Mwenye jengo ana namba ya simu ya mkubwa. Kuanzia hapo, yote yanategemea mkubwa huyo. Akisema kwamba ripoti ya mkaguzi inasimama, mkaguzi atakwenda kesho kwenye jengo jingine kwa ujasiri uleule. Akimwita ofisini na kumwambia awe mpole, ripoti zote za kituo hicho zitakuwa za upole kuanzia siku hiyo, na hakuna takwimu itakayoonyesha badiliko hilo hadi bweni liwake.

Afrika Kusini ilitoa mfano mzito wa jambo hili. Tarehe 5 Septemba 2018 jengo la Bank of Lisbon mjini Johannesburg, lililokuwa na ofisi za afya za jimbo la Gauteng, lilishika moto na askari watatu wa zimamoto wakafa. Ilikuja kuelezwa na serikali ya jimbo yenyewe kwamba jengo lilitimiza asilimia 21 tu ya masharti ya usalama, wakati kiwango kilichotarajiwa ni asilimia 85. Habari kuhusu hatari ilikuwapo mikononi mwa serikali kabla askari hawajaingia. Kwa wenzao waliobaki, swali halikuwa tena kuhusu moto ulianzaje. Lilikuwa ni nani alijua, na kwa nini tulitumwa.

Kura husema nini, na haisemi nini

Turudi kwenye ile kura ya kutokuwa na imani. Huko Marekani huitishwa na tawi la chama cha wafanyakazi, na haina nguvu ya kisheria. Mkuu wa zimamoto kwa kawaida huteuliwa na meya au msimamizi wa mji, na huyo ndiye mwenye uwezo wa kumwondoa. Kura humwambia tu meya kwamba akiendelea kumshikilia mtu huyo atalipa gharama. Asilimia kubwa zinazotangazwa zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Ni lazima kuuliza wangapi walipiga kura kati ya waliostahili, kama maafisa wa juu ni wanachama, na kama kura ilifanyika katikati ya mazungumzo ya mishahara. Chama kinachotaka nyongeza kinaweza kulitumia jina la mkuu kama fimbo ya kumpigia meya. Sisemi kwamba kura hizo ni za uongo. Nasema kwamba hupima mambo mawili au matatu kwa wakati mmoja.

Los Angeles, mwaka 2025, ilionyesha sura ya upande wa pili. Baada ya moto wa Januari ulioteketeza mtaa wa Palisades, mkuu wa zimamoto Kristin Crowley alisema hadharani kwamba idara yake ilikuwa imenyimwa fedha na watu wa kutosha. Meya Karen Bass alimfukuza tarehe 21 Februari, akisema kwamba askari wapatao 1,000 ambao wangeweza kuwa kazini asubuhi ya moto walirudishwa nyumbani, na kwamba Crowley alikataa kuandaa ripoti ya tathmini baada ya moto. Crowley alikata rufaa kwa baraza la mji, nalo likaikataa kwa kura 13 dhidi ya 2. Katika sakata hilo lote chama cha askari kilisimama upande wake. Mtu anaweza kubishana kuhusu maamuzi yake ya asubuhi ile, na tuhuma za meya si nyepesi. Lakini askari walikuwa wamesikia mkuu wao akiutaja uhaba kwa jina lake mbele ya taifa, na hilo lilitosha.

Huko Charleston, jimbo la South Carolina, askari tisa walikufa tarehe 18 Juni 2007 katika duka la samani. Uchunguzi ulikosoa mpangilio wa amri mahali pa moto, upatikanaji wa maji na mbinu zilizotumika, na mwaka uliofuata mkuu wa idara akaondoka. Katika visa kama hicho imani huvunjika kwa namna ngumu zaidi kupokewa, kwa sababu mkuu anaweza kuwa mtu anayependwa, aliyepanda kutoka chini, anayemjua kila askari kwa jina. Mapenzi na imani ya kikazi hukaa katika nyumba mbili tofauti.

Kikosi kisicho na chama

Kwa nini basi hakuna kura kama hiyo Uganda? Jibu liko katika sheria. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 2006 inawaweka nje wanajeshi, polisi na askari magereza. Sheria ya kimataifa hailipingi jambo hilo: Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1948, katika ibara yake ya 9 unaiachia kila nchi kuamua ni kwa kiasi gani haki ya kujiunga na vyama itawahusu wanajeshi na polisi. Kwa kuwa zimamoto wa Uganda ni polisi, wanaangukia ndani ya katazo hilo moja kwa moja, tofauti na wenzao wengi duniani ambao ni watumishi wa miji. Kukataa amri halali ni kosa la nidhamu, na kuzungumza na waandishi bila ruhusa ni hatari kwa kazi.

Imani iliyovunjika haitoweki kwa kukosa mlango, hutafuta upenyo. Hutokea kwa maombi ya uhamisho kutoka kurugenzi kwenda kwenye kazi nyingine za polisi. Hutokea kwa ujumbe wa sauti usio na jina unaozunguka katika simu. Hutokea kwa askari wanaofanya kile kilichoandikwa tu, bila kuongeza hata hatua moja, na kwa taarifa za matukio zinazoandikwa kwa maneno yaleyale kila mara kwa sababu mwandishi hataki neno lolote lije kumrudia. Mkubwa asiyejua kusoma dalili hizo ataziona kuwa nidhamu nzuri. Kituo kimetulia, atasema.

Njia rasmi zipo, ingawa ni nyembamba. Polisi wana kitengo cha viwango vya kitaaluma kinachopokea malalamiko, hata ya polisi dhidi ya polisi, lakini kiko ndani ya jeshi lilelile. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya 2010 inamruhusu mtumishi kupeleka taarifa za uovu kwa vyombo vya nje kama Mkaguzi Mkuu wa Serikali na Tume ya Haki za Binadamu. Sheria hiyo inafaa pale ambapo kuna wizi wa mafuta ya magari au fedha za vipuri. Haifai sana pale ambapo lalamiko ni kwamba kamanda hajui kazi, kwani kutojua kazi si uhalifu. Mwaka 1999 Tume ya Jaji Julia Sebutinde ilipochunguza rushwa katika polisi, vikao vyake vilifanyika mbele ya umma na polisi walikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi. Ilidhihirika wakati huo kwamba walio chini wana mengi ya kusema wakipewa kiti, kiapo na ulinzi. Tume hufungwa, hata hivyo, na kiti huondolewa.

Kinachobaki ni uwajibikaji unaoshuka kutoka juu. Agosti 2024 jalala la Kiteezi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30, na mwezi uliofuata Rais akamfukuza mkurugenzi mtendaji wa Mamlaka ya Jiji la Kampala, Dorothy Kisaka, pamoja na wenzake wawili. Waokoaji waliochimba takataka kwa siku nyingi hawakuwa na nafasi yoyote katika uamuzi huo, wala hapakuwa na mahali rasmi pa kuulizwa waliona nini. Mkubwa anayejua kwamba hatima yake inaamuliwa juu tu atatazama juu tu. Sioni kuwa ni tabia mbaya ya mtu fulani, ni jinsi ngazi ilivyojengwa.

Wapo wanaoona kwamba dawa ni kuiondoa zimamoto katika polisi na kuiunda upya kama Tanzania walivyofanya. Hoja hiyo ina uzito: bajeti ingejulikana ni ya nani, utaalamu usingehamishwa ovyo, na sare isingebeba mizigo ya wengine. Lakini jeshi jipya bado lingekuwa jeshi, lenye amri, vyeo na katazo la vyama, na swali la nani anamsikiliza konstebo lingebaki palepale. England na Wales wanatoa mfano wa njia ya katikati. Polisi wa huko, baada ya migomo ya 1918 na 1919, walinyimwa haki ya chama cha wafanyakazi na ya kugoma, ila sheria ya 1919 ikawapa Shirikisho la Polisi, chombo halali cha kuwasemea. Julai 2021 Shirikisho hilo lilitangaza kwamba halina imani na Waziri wa Mambo ya Ndani, Priti Patel, kwa sababu ya kuzuiliwa kwa nyongeza za mishahara. Hakuna aliyeshtakiwa kwa uasi, na waziri hakuondoka. Serikali ilijua tu, kwa maandishi na hadharani, polisi wake wanafikiri nini.

Chombo kama hicho kingehitaji Bunge la Uganda kutunga sheria, na sitarajii kukiona karibuni. Lipo jambo dogo zaidi ambalo liko ndani ya uwezo wa kurugenzi hata leo, nalo ni tathmini baada ya moto inayofanywa mbele ya wote waliokuwapo. Vikosi vingi duniani huifanya: ndani ya siku chache wanakaa pamoja, dereva anaeleza maji yaliisha saa ngapi, aliyekuwa ndani anaeleza alichosikia kwenye redio, na kamanda anaeleza kwa nini alichelewa kuwatoa. Yanaandikwa, yanapelekwa juu bila kusafishwa, na nakala inabaki kituoni. Kazi ya kuzima moto imewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, tangu 2022, katika kundi la mambo yanayothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo hata maswali ya nani alivua barakoa mapema na nguo za moto zilifuliwa wapi yana mahali pake katika kikao hicho. Gharama yake ni chai na daftari. Sehemu ngumu ni kwamba afande mwenye nyota begani akae akimsikiliza konstebo akisema kwamba amri ya saa nane usiku ilikuwa ya makosa, na kwamba mwezi unaofuata konstebo huyo asikute jina lake kwenye orodha ya uhamisho.